Silingi Mpya, Oveni Ileile

Wacha niseme mapema, ndio mwenye atakasirika akasirike akiwa bado na bando. Silingi ya gipsamu yenye taa za bluu pembeni, kama juu yake hakuna kitu isipokuwa hewa na mabati, ni mekapu. Umeipaka nyumba lipstiki. Kwa kamera inaweza. Saa nane mchana haikusaidii na chochote.

Na mko wengi. Kila wiki nikifungua simu nakutana na video ya "kabla na baada". Kabla: bodi za kijivu zimelegea, zina ramani za maji, panya ameacha sahihi yake kila kona. Baada: nyeupe, ngazi mbili, duara katikati, taa za kubadilisha rangi, na amapiano nyuma. Komenti ni za moto tu. Hakuna hata mtu mmoja anauliza swali la maana: kati ya hiyo silingi na paa, umeweka nini?

Jibu ni hewa. Na waya. Na panya yuleyule, sasa ana nyumba mpya.

Msimamo wangu ni huu. Siku silingi inafunguliwa ndio siku pekee, pengine kwa miaka ishirini, paa lako liko uchi na fundi amesimama chini yake na ngazi. Ukilifunga tena bila kuweka kitu cha kuzuia joto, umelipa fundi, umelipa mbao, umelipa misumari, umelipa rangi, halafu umeruka kitu kimoja ambacho kingebadilisha maisha ndani ya hiyo nyumba. Mtu akiniambia hiyo ni shida ya pesa, nitamjibu huko chini. Kwanza tuelewane.

Kwa wageni: mulembe. Mimi ni wa Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma, kwa ile barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale. Ukipita Misikhu, usisinzie. Hapa tunajenga kila siku. Nyumba za mabati zinapanda, ploti za ghorofa zinapanda, na kila mtu anabadilisha silingi.

Mtauliza, mbona naambia vijana na wengi wetu hatuna hata choo kwa jina letu? Sababu ni mbili. Ya kwanza, mzazi akiamua kubadilisha silingi, anapigia nani simu? Wewe. "Hebu nitumie dizaini ya kisasa." Wewe ndio unaingia mtandaoni kuchagua maua. Ya pili, sisi ndio wapangaji wa florari za juu, kwa sababu ndizo huwa na vyumba tupu. Na huwa na vyumba tupu kwa sababu ambayo tunaijua vizuri sana: ukiingia hapo mchana unatoka umepikwa.

KINACHOFANYIKA HAPO JUU

Mabati yetu mengi hayafiki hata nusu milimita kwa unene. Ni chuma, na chuma hakina siri. Jua likipiga upande wa juu, upande wa chini unajua papo hapo. Halafu bati linarusha lile joto kuja chini, vile jiko hukuchoma uso kabla hujaligusa. Joto linapiga silingi, silingi inapata moto, na silingi nayo inaanza kukurushia wewe. Bodi ya gipsamu ya milimita 9 au 12 inapunguza kidogo. Kuzuia haizuii.

Na hii si shida ya watu wachache. Sensa ya 2019 ilionyesha karibu kaya nane kati ya kila kumi Kenya ziko chini ya mabati. Hiyo ni nchi nzima, karibu.

Halafu juu ya hiyo shida tumeongeza fasheni. Siku hizi mabati lazima yawe meusi au kijivu cha makaa, ndio nyumba ikae ya mtandaoni. Rangi nyeusi hunyonya karibu jua lote linaloipiga. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Tumenunua sufuria nyeusi, tukaigeuza juu chini, tukaingia ndani, sasa tunalalamika kuna joto.

Slabu ni mjanja zaidi. Zege la sentimita 15 halikuletei joto papo hapo kama bati. Linaliweka akiba. Kuanzia asubuhi linanyonya jua, na saa kadhaa baadaye linaanza kulipa. Shida ni kwamba linalipa usiku, na wa kulipwa ni wewe uliyelala chini yake. Ndio maana kule nje watu wamevaa jaketi na wewe kwa chumba chako umetoa shati.

Hauniamini? Leo saa tatu usiku, kama jua liliwaka mchana, simama juu ya kiti uweke kiganja kwa silingi yako. Kama ni vuguvugu na jua lilizama saa mbili zilizopita, hiyo ni ripoti. Haihitaji injinia.

"LAKINI HUKU KWETU NI BARIDI"

Hii ndio komenti nitapata kwanza, kwa hivyo wacha niimalize hapa. "Msee, hiyo ni ya Mombasa na Lodwar. Sisi tuko chini ya Mlima Elgon."

Ni kweli. Kamukuywa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi kuoga ni vita. Sasa hiyo ndio sababu ya kuweka, si sababu ya kuacha. Termosi huwa haiulizi kama umetia chai ama maji ya friji. Kitu cha kuzuia joto kinazuia lisiingie mchana na kinazuia lisitoroke usiku. Lile joto kidogo la nyumba yako, la kupika na la watu kukaa pamoja, linapanda juu na kupotea kwa paa. Unalipa makaa, unalipa gesi, halafu unapasha mawingu.

Na kuna lile jambo la alfajiri. Umelala, unasikia tone kwa uso. Unafikiri kunavuja, na usiku mzima hakujanyesha. Usiku wa anga safi bati hupoa mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ya ndani ina unyevu wa pumzi zenu na wa ugali wa jioni. Ikigusa lile bati, inageuka maji. Maji yanateremka, yanaloanisha silingi, silingi inaota ukungu mweusi, na mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa. Halafu tunasema ni homa ya msimu.

Halafu mvua yenyewe. Sisi tunajua mvua ya huku. Mara nyingi inakuja mchana baada ya jua kali, na inakuja kama imetumwa kudai deni. Nimesoma katika darasa la mabati lisilo na silingi yoyote, shule sitaitaja. Mvua ikianza, mwalimu anaweka chaki chini na tunaambiwa tusome kimya. Hesabu mwenyewe mchana wa Aprili na Mei ni mingapi, halafu uniambie ni masomo mangapi yalienda na maji. Hakuna mtu aliyewahi kuandika hiyo kwa ripoti ya matokeo. Darasa lenye silingi nzuri na tabaka nene juu yake lingeendelea na kipindi.

PLOTI YENYE NIKO

Sasa tuje kwa slabu, kwa sababu hapo ndio roho inaniuma.

Ploti yenye naishi ina florari tatu na paa bapa la zege. Vyuma vimesimama huko juu vimeshika kutu, vinangojea ghorofa ya nne ambayo haijawahi kuja. Mnazijua hizi nyumba. Ziko kila mji kuanzia hapa mpaka Kitale. Paa bapa halikuchaguliwa kwa sababu ni zuri. Lilichaguliwa kwa sababu mwenyewe ana ndoto ya kuongeza. Na sisi wa juu tunalala chini ya hiyo ndoto.

Mvua za mwaka jana, maji yalituama kwa slabu mpaka yakapata njia. Silingi ya zamani ikafura, ikashuka, kipande kikaanguka kwa kitanda cha jirani. Mwenye ploti akakuja na fundi. Akasema atatoa yote, aweke gipsamu. Tukafurahi. Nikamuuliza kwa heshima: "Mzee, kabla hamjafunga, si tuweke kitu cha kuzuia joto hapo katikati?"

Akacheka. "Kijana, hapa ni Kamukuywa, si Ulaya." Fundi naye akaongeza kuwa joto ni la Mungu.

Wakafunga. Taa nne ndogo kila chumba, nyeupe kama maziwa. Mwezi uliofuata kodi ikapanda, kwa sababu "nyumba imefanywa ya kisasa". Ilipofika Januari, mama wa chumba cha mwisho, mwenye mtoto wa miezi michache, alikuwa anatoa godoro usiku analaza mtoto kwa korido, kando ya ngazi, mahali kila mtu anapita na viatu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya nyumba ya kisasa mtoto alikuwa analia mpaka saa sita usiku, mwili wote vipele vya joto.

Na Aprili, ramani ya kahawia ikarudi juu ya gipsamu nyeupe. Kwa sababu hakuna mtu alipanda juu kuziba slabu. Walifunika kidonda na plasta ya kupendeza.

Hapa ndipo hii hasira inatoka. Mwenye ploti halali chini ya slabu yake. Yeye analipia silingi mara moja. Mpangaji analipia joto kila siku: feni, tokeni, usingizi, mtoto mgonjwa. Ndio maana anaona gipsamu na hauoni wewe. Anayeamua hasikii joto, na anayesikia joto haamui. Mpaka hiyo ibadilike, tutaendelea kupigwa picha chini ya taa za bluu tukitoka jasho.

WAZEE WALIJUA

Kinachonishangaza ni kwamba hii si elimu mpya. Nyumba ya nyasi ya kukhu haikuwa na gipsamu. Ilikuwa na nyasi nene, na ndani ya nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndio kizuizi bora cha joto ambacho ni cha bure. Mchana unaingia, unasikia baridi tamu. Mvua inanyesha, mnaongea bila kupiga kelele. Sitetei turudi huko. Nyasi zinashika moto, zinaoza, na kupata za kuezeka siku hizi si rahisi. Nasema tulitoa nyasi tukaweka bati, na hatukurudisha ile kazi nyingine nyasi zilikuwa zinafanya.

Mkitaka mfano wa paa bapa, nendeni Lamu, ule mji wa kale ulioingizwa kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba za mawe za kule zilijengwa na paa bapa: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, juu yake chokaa, tabaka nene kabisa. Na nyingi ziliongezewa kivuli cha makuti hapo juu. Watu wa pwani hawakuacha jua lipige paa bapa moja kwa moja halafu wakalala chini. Sisi tumekopa umbo la paa tukaacha akili yake.

FANYA HIVI

Sasa, kulalamika bila kusema cha kufanya ni kelele. Chukua kalamu, ama piga skrinshoti.

Kama ni mabati. Silingi ikishatoka, kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni foili, ile karatasi ya kung'aa inayouzwa kwa roli. Ifungwe chini ya mbao za paa, upande wa kung'aa uangalie chini ndio vumbi lisiikalie, na uwazi wa hewa ubaki angalau sentimita mbili na nusu. Bila uwazi haifanyi kazi. Foili ni chuma. Ukiibana kati ya vitu viwili inapitisha joto kama chuma kingine chochote. Kazi ya pili ni tabaka nene la kulaza juu ya silingi mpya: pamba ya mawe, ambayo mafundi huiita rokiwuli, ama nyingine ya aina hiyo, sentimita 5 kwenda juu. Foili inapunguza joto la kurushwa. Pamba inazuia linalobaki, na ndio inapunguza makelele ya mvua. Foili peke yake kwa makelele haitakusaidia sana, usidanganywe dukani. Halafu acha matundu ya hewa kwa pembe za paa yenye wavu mdogo, ndio hewa moto itoke na popo wasiingie.

Kama ni slabu. Panda juu kwanza. Usinunue hata msumari kabla hujajua maji yanatuama wapi. Paa bapa halifai kuwa bapa kabisa; linataka mteremko, sentimita moja na kitu kwa kila mita, ndio maji yatembee mpaka kwa mfereji. Ziba nyufa, weka dawa ya kuzuia maji, subiri mvua mbili tatu uone. Kisha acha zege likauke, na ukungu usafishwe.

Hapo ndio unaingia ndani. Chukua bodi za polisterini, ile nyeupe nyepesi inayokuja imezunguka TV mpya kwa katoni. Sentimita 5 zake zinazuia joto sawa na zege la karibu mita mbili. Soma hiyo sentensi tena. Zibandike zikae bapa kwa slabu, zikutane vizuri, na viungo vyote vizibwe. Usiache mapengo. Hewa ya chumba ikipata njia ya kupita mpaka kwa slabu baridi usiku, itageuka maji huko ndani ambako hauoni, na utajua siku silingi itakapoota nywele. Kwa hiyo chini ya polisterini, upande wa chumba, tandaza karatasi ya nailoni nzito, viungo vipigwe tepu. Halafu ndio mbao na gipsamu. Mbao zishikwe na bolti zinazofika kwa zege lenyewe. Polisterini haibebi mzigo. Utapoteza kama sentimita nane za urefu wa chumba. Hautazikosa.

Na usicheze na mambo matatu.

Moto. Polisterini ikishika inawaka haraka na moshi wake mweusi unaua. Isiwahi kuachwa wazi, hata kwa stoo. Lazima ifunikwe na gipsamu yote. Waya za stima zisiigusane nayo, kwa sababu plastiki ya waya huharibika ikikaa imegusana na polisterini; zipitishwe ndani ya bomba. Na zile taa za kuchimbiwa kwa silingi usizizike ndani yake. Kama una wasiwasi na stima ya nyumba, chukua pamba ya mawe, haiwaki.

Vumbi. Silingi ya zamani ina kinyesi cha popo na panya cha miaka. Mwagia maji kidogo, vaa barakoa, toa watoto.

Asbesto. Kama nyumba ni ya zamani na kuna zile shiti ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, usivunje, usikate, usitoboe. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka kwa taka hatari, na haitupwi kwa shimo la nyuma ya nyumba. Nyuzi zake zikiingia kwa mapafu hazitoki. Simama, tafuta NEMA.

"HAKUNA PESA"

Tumefika hapo. Chumba cha ploti cha futi 10 kwa 10 kinataka bodi nne za gipsamu za futi 8 kwa 4. Mbao ni zilezile. Fundi ni yuleyule, siku ni zilezile, ngazi ni ileile. Kinachoongezeka ni kile kitu cha katikati na masaa machache. Ulizia bei kwa hadiwea za Kimilili, Webuye na Kitale, usichukue ya kwanza. Halafu weka hiyo bei kando ya zile taa za kubadilisha rangi, ngazi ya pili ya gipsamu na duara la katikati. Toa duara. Toa ngazi ya pili. Chumba cha silingi moja iliyonyooka chenye kitu juu yake kinashinda chumba cha ngazi tatu chenye hewa.

Kama ni nyumbani na hakuna kitu kabisa, anza na chokaa. Ndiyo, chokaa. Paka slabu ama bati la zamani rangi nyeupe kabla jua la Januari. Mji wa Ahmedabad kule India ulianza kupaka mapaa ya watu wa kipato cha chini rangi nyeupe mwaka 2017, kwa sababu joto lilikuwa linaua. Na silingi yoyote ni bora kuliko hakuna. Pale Ahero, kwa mashamba ya mpunga ya Kisumu, watafiti waliweka silingi za mikeka ya mafunjo kwa nyumba za watu, wakachapisha matokeo 2009: mbu wa malaria ndani ya nyumba walipungua sana. Mikeka, wasee. Mafunjo ya mtoni. Na Bungoma si mahali tunaweza kujifanya malaria ni habari za wengine.

Kuna fundi ataniambia kuzuia joto kwa juu ya slabu ni bora kuliko kwa chini. Ni kweli, na namuunga mkono. Ukiweka juu, zege lote linakaa kivulini na haliweki akiba ya jua. Mwenye anajenga sasa afanye hivyo. Lakini ile slabu yenye vyuma vinavyongoja ghorofa, mwenyewe hataifunika, na tumemngoja vya kutosha. Silingi anaifungua leo. Tumpate leo.

SASA SERIKALI

Kanuni mpya za ujenzi, zile za 2024, zilianza kutumika Machi 2025 zikaondoa sheria ndogo za mwaka 1968. Miaka zaidi ya hamsini tulikuwa tunajengewa kwa sheria za enzi za babu. Sawa, tumepata mpya. Sasa nataka kuona ofisa wa kaunti akipanda florari ya juu saa tisa mchana Februari, akae humo nusu saa, halafu ndio aseme nyumba inafaa watu. Wakija kukagua huangalia nguzo, ngazi, choo. Vizuri. Lakini nyumba ambayo mtoto hawezi kulala ndani yake haijamalizika kujengwa, hata kama nguzo zake zinabeba lori.

Na kila mwenye pesilipu anakatwa asilimia 1.5 kwa nyumba za bei nafuu. Kama pesa ni zetu, swali ni letu: florari ya mwisho ya hizo nyumba ina nini kati ya paa na kichwa cha mpangaji? Ulizeni diwani. Ulizeni mbunge akija harusini.

Kazi yako wiki hii ni ndogo. Kama wewe ni mpangaji wa juu, fanya ile ya kiganja saa tatu usiku, siku tatu mfululizo, andika chini, muende kwa mwenye ploti mkiwa watu wa florari nzima. Mtu mmoja ni mlalamishi. Milango minane ni kodi ya mwezi mzima. Msimwambie kuna joto, hilo analijua. Mwambieni vyumba vya juu vinakaa tupu, silingi itaoza tena, na akiifungua mtasimama hapo.

Kama ni mzazi amekupigia kuhusu dizaini, usimtumie picha kwanza. Muulize maswali matatu: Paa linavuja? Fundi ataweka nini juu ya bodi? Waya zimekaguliwa? Akijibu yote, mtumie maua anayotaka.

Na wewe mwenye ile video ya "kabla na baada", ukipiga nyingine, geuza kamera uangalie juu kabla fundi hajafunga. Nitashare ya kwanza yenye nitaona ina kitu hapo ndani. Komenti ziko wazi, na fundi wa "joto ni la Mungu" nimemtagi.